Naomba ushauri: koti la ofisini kwa anayepanda cheo, fundi au dukani?

Habari zenu wadau. Dada anayetoka kaunta ya benki, ambako huvaa sare, kwenda usimamizi wa tawi hapa Dar anatakiwa ajipange mwenyewe kwa mavazi. Naona makoti 2 (bluu ya giza na kijivu), sketi 2 na suruali 2 za rangi zinazoendana zinatosha kuanzia: akivichanganya, tayari ana mavazi 8 tofauti.

Kwa fundi, koti na sketi vinakula kama mita 3 za kitambaa cha upana wa mita 1.5. Shida iko ndani ya koti. Kile kitambaa cha gundi kinachoipa kola ugumu kikibandikwa kwa pasi isiyo na moto wa kutosha, ukifua mara chache tu kola inatoa mapovu, na ni vigumu kuinyoosha tena. Bitana nayo ikikosa mkunjo wa sentimita 2 katikati ya mgongo, inachanika kwapani ukinyoosha mkono kuandika ubaoni. Jamani, hilo huonekana mbele ya mabosi!

Ya dukani yameshonwa vizuri kiasi, ila polista tupu kwa joto letu ni mateso.

Naombeni mnisaidie: kitambaa gani cha Kariakoo kinapitisha hewa na hakikunjiki ovyo? Fundi nimwombe nini kabla hajakata? Na sketi mnapima urefu mkiwa mmesimama au mmekaa? Inayofika magotini, ukikaa kwenye kikao, inapanda sana.