Kesi ya shamba na baba zangu wadogo: naomba ushauri, woga unanimaliza

Binti_Moro: Habari zenu wakuu. Baba alifariki, baba zangu wadogo wakang'ang'ania shamba lake, na mwezi ujao tunakutana baraza la ardhi. Hati ninazo, mashahidi ninao. Tatizo ni moyo. Nikiwaza kumpinga mbele za watu mtu aliyenibeba mgongoni utotoni, usingizi unakata. Jirani yetu Mhindu aliniambia, "Wewe ni Arjuna kabisa," ila hakumaliza kunisimulia. Huyo Arjuna alitulia vipi?

Mzee_Upanga: Pole sana binti yangu. Jirani yako kasema kweli. Kwenye Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindu, Arjuna ni bingwa wa upinde, lakini pale Kurukshetra, uwanja wa vita dhidi ya ndugu zake, anamwona babu yake Bhishma na mwalimu wake Drona upande wa pili. Mdomo unamkauka, mwili unatetemeka, upinde unamponyoka. Krishna, mwendesha gari lake la vita, anaanza kwa kumkemea, haisaidii. Mpaka Arjuna akiri kwamba amechanganyikiwa na aombe kufundishwa, ndipo mafundisho yanaanza, kwenye sura ya 2 ya Bhagavad Gita, sehemu ya Mahabharata yenye sura 18. Shika sura ya 2, ubeti wa 47: haki yako ni kutenda, matunda ya kutenda si yako. Wewe panga hati zako, sema kweli. Hukumu waachie wenye kuhukumu. Na usijilaumu kwa kukosa usingizi. Sura ya 6 Arjuna analalamika kwamba kuizuia akili ni kama kuuzuia upepo, na Krishna anakubali kuwa ni kazi ngumu, ila kwa mazoezi inatulia.

Mama_Tanga: Mimi ninayemshika ni Hanuman, shujaa nyani wa Ramayana, utenzi mwingine wa Wahindu. Alivuka bahari hadi Lanka kumtafuta Sita, mke wa Rama aliyetekwa, akapekua mji usiku kucha asimwone, akakata tamaa hadi akawaza kufa. Kisha akaona bustani moja hajaingia. Akaingia, na Sita alikuwemo! Usiku ukiniwia mrefu hujiuliza ni wapi sijatafuta bado.

Mtumishi255: Dada, Zaburi zipo. Ya Wahindu ya nini?

Mzee_Upanga: Azisali Zaburi zake, mkuu. Hadithi ya Arjuna haimzuii.

Kijana_wa_Sheria: Mmeruka jambo kubwa. Kabla ya vita Krishna mwenyewe alikwenda kutafuta suluhu. Ndugu watano wa Pandava, Arjuna akiwa mmoja wao, walikuwa tayari kupokea vijiji 5 tu, binamu yao Duryodhana akakataa kuwapa hata ardhi ya ncha ya sindano. Arjuna alifika uwanjani suluhu ikiwa imeshatafutwa. Dada, wewe umewatumia mtu?

Binti_Moro: Bado, kaka. Shangazi yetu mkubwa wote wanamsikiliza. Kesho nampigia awaite tukae kabla ya tarehe ya baraza. Sehemu yenye kisima siiachii, nitawaambia hivyo hivyo, kwa heshima. Mzee, shikamoo na asante. Hiyo Gita kwa Kiswahili naipata wapi?

Mzee_Upanga: Marahaba. Muulize jirani yako kwanza, na mwombe akumalizie hadithi.