Naomba ushauri: tangi jipya la petroli, plastiki au alumini?

Assalaam aleikum ndugu wanachama, na heshima zangu kwa mafundi na manahodha.

Nina boti ya faiba ya futi 23 ninayoiegesha Mtongwe, yenye mashine ya petroli ya kufunga nyuma, na tangi lake la alumini lililo chini ya sitaha limetoboka. Tulipofungua sitaha tulikuta limekalia sponji iliyolowa maji ya chumvi, na upande wa chini, pale ambapo hewa haifiki, alumini imeliwa vishimo vyenye unga mweupe. Fundi amependekeza kulichomelea kiraka, lakini siridhiki, kwa sababu bati lililobaki ni jembamba, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo ukivuja hutuama humo chini na cheche moja yatosha kuangamiza watu. Kwa sasa natumia tangi la kubebeka.

Navutiwa na plastiki kwa kuwa hailiwi na chumvi, ila hutanuka kwa takriban asilimia 2 ikishakaa na petroli. Tangi la urefu wa mita moja litaongezeka sentimita 2, na nafasi niliyo nayo inaniachia sentimita moja tu kila upande.

Kwa aliyewahi kulifunga, je, nafasi hiyo inatosha, au nitafute tangi fupi zaidi? Na nikirudi kwenye alumini, nilikalishe juu ya kitu gani kisichonyonya maji, ili hewa ipite chini yake?

Nitashukuru sana kwa majibu yenu.