Sisi tulishachanga, Serikali bado: boma la zahanati linamomonyoka na kila Juni bajeti inapita

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kijiji chetu kiko mkoa huu huu wa Dodoma, mkoa wenye Bunge na wenye Mji wa Serikali pale Mtumba. Jina la kijiji na la halmashauri naliacha, maana mtendaji wetu ni kijana mwema na najua ni nani ataanza kusumbuliwa.

Tuna boma la zahanati, yaani jengo lenye kuta bila paa. Tulilijenga wenyewe. Kila kaya ilichanga kwa stakabadhi, asiye na fedha alileta debe la mtama au alifyatua tofali, akina mama walisomba maji kutoka korongoni, vijana walibeba mawe na mchanga. Likafika kwenye lenta, ile mihimili ya juu ya milango na madirisha. Makubaliano yalisemwa hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji, diwani akiwepo na watu wa halmashauri wakiwepo: wananchi wakifikisha lenta, Serikali itapaua na kumalizia. Tulifikisha. Sasa kila msimu wa mvua mistari ya juu ya tofali inamomonyoka, miba imeota ndani ya chumba kilichopimwa kuwa cha kujifungulia, na mbuzi wanajikinga jua humo.

Tukiuliza tunajibiwa: imo kwenye bajeti.

Bajeti ipi? Ya 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39. Ya 2024/25 ikawa trilioni 49.35. Ya 2025/26 ikapanda hadi trilioni 56.49. Kila mara tunasikiliza redioni, wabunge wanagonga meza, na sisi tunahesabu kwamba safari hii bati litafika. Hakuna hata msumari uliofika.

Najua jinsi jambo hili linavyokwenda, kwa hiyo asije mtu hapa kunieleza kwamba sielewi. Kijiji kinakaa na kuibua vipaumbele vyake. Vinakwenda kamati ya maendeleo ya kata. Vinakwenda halmashauri, wataalamu wanavichambua, baraza la madiwani linapitisha, mkoa unaunganisha, TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, inapeleka Bungeni, Aprili hadi Juni inajadiliwa, Julai mosi mwaka wa fedha unaanza. Njiani kuna kitu kinaitwa ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho halmashauri hairuhusiwi kukizidi, kinatoka juu, na hapo ndipo vipaumbele vya vijiji vinapokatwa bila aliyeviibua kuambiwa. Kilichosalia nacho bado si fedha. Ni ruhusa ya kutumia fedha ikipatikana. Hazina inatoa kadiri inavyokusanya, na mishahara na deni la taifa haviwezi kusubiri. Kinachoweza kusubiri ni bati la zahanati ya kijiji, na ndicho kinachosubirishwa. Halafu fedha ikija, inaweza kuja robo ya mwisho ya mwaka, Mei au Juni, halmashauri inaanza kukimbizana na manunuzi kabla ya tarehe 30 Juni. Mnategemea nini kijengwe vizuri kwa mwendo huo?

Wanaoumia si watu wa makaratasi. Zahanati ya karibu iko zaidi ya kilomita 10 kutoka kwetu na katikati kuna korongo. Kiangazi unavuka kwa bodaboda. Januari na Februari likijaa hakuna anayevuka, mjamzito wala mtoto mwenye homa. Wakunga wa jadi wanafanya wanachoweza kwa tochi ya simu. Kuna mama wa kitongoji cha pili alijifungulia ukingoni mwa korongo lile akisubiri maji yapungue. Yeye yuko hai. Mtoto hakuishi. Mwaka uliofuata halmashauri yetu ikasoma tena kwamba zahanati yetu imetengewa fedha.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa MMAM, ulianza 2007 ukisema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ulipaswa kukamilika 2017. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule mpango unaanza sasa ni mtu mzima mwenye kura, na kijijini kwetu anayeumwa bado anabebwa kuvushwa korongo.

Na msiseme hatulipi. Lori la alizeti halitoki kijijini bila ushuru wa mazao. Mnadani unalipa ng'ombe akiuzwa. Mwaka 2021 tulikatwa tozo kwenye miamala ya simu tukaambiwa ni kwa ajili ya vituo vya afya na madarasa, na kila lita ya petroli na dizeli ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tulinung'unika tukalipa. Barabara ya kwetu bado inakatika kwenye korongo lile lile.

Shuleni ni hivyo hivyo. Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wakati bei ya boksi la chaki na rimu ya karatasi imepanda mara ngapi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ipo kwa mujibu wa sheria, ilisimamishwa 2023. Iliporudishwa kikundi cha akina mama wa kwetu waliotaka mashine ya kukamua alizeti kilikwishasambaratika. Wanauza mbegu mbichi kwa mnunuzi wa kwenye lori, kwa bei anayotaka yeye.

Kuna watakaokuja kusema Serikali haina uwezo wa kufanya yote kwa wakati mmoja. Nawakumbusha madarasa ya Uviko mwishoni mwa 2021. Ulipokuja ule mkopo wa trilioni 1.3 kutoka IMF, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama, kwa miezi michache tu. Hata kata yetu ilipata. Ilikuwaje ikawezekana? Fedha iliingia kwenye akaunti ya shule, kiasi kilijulikana mpaka na mwananchi wa kawaida, tarehe ya kumaliza ilitangazwa, na mkuu wa wilaya alikuwa anafika site kila mara kwa sababu na yeye alikuwa anaulizwa. Kwa hiyo wahandisi wapo, mafundi wapo, mfumo upo. Kilichokosekana kwenye zahanati yetu ni mtu mkubwa wa kuulizwa.

Ninachotaka kiko wazi. Pale kwenye ubao wa ofisi ya kata na ya kijiji wabandike safu mbili kwa kila mradi: kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichopokelewa, pamoja na tarehe ya kupokelewa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na kusoma mapato na matumizi. Usomwe na huo mstari wa zahanati, hata kama ni sifuri, isomwe sifuri mbele ya watu waliochanga. Mbunge naye akisimama kuchangia hotuba ya TAMISEMI aanze na fedha ambayo haikufika jimboni mwaka uliopita kabla ya kuunga mkono ya mwaka unaokuja. Na halmashauri isiruhusiwe kuitisha mchango mpya wa nguvu za wananchi mahali ambapo boma la zamani halijapauliwa. Wiki iliyopita tumeambiwa tujiandae kuchanga ujenzi wa nyumba ya mganga. Mganga yupi, wa zahanati ipi?

Walioko Chemba, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, na jirani zetu wa Manyoni na Ikungi: wekeni hapa boma la kwenu lilianza mwaka gani, limefikia wapi, na kama mmewahi kuonyeshwa kiasi kilichopokelewa. Picha pia zinafaa. Nitazikusanya zote, na kikao cha bajeti kijacho nitamkabidhi mbunge wetu mkononi.