Anadunduliza baiskeli, mjomba anataka kumnunulia kesho

Mama Nuru, Tanga
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu yuko darasa la nne na anataka baiskeli. Mji wetu huu ni wa baiskeli, kila rafiki yake anayo. Nilimwambia kibubu nitampa mimi, baiskeli ataitafuta mwenyewe. Seremala wa hapa Ngamiani akakichonga cha mbao, kikapigiliwa misumari pande zote. Hela ya shule nampa mia tano. Akila kachori ya mia mbili, mia tatu inarudi kibubuni. Sikukuu ya Idi alizunguka kwa mashangazi zake, hela zote zikaingia humo, hata pipi hakununua. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, mwenye duka anataka elfu tisini.

Sasa kaka yangu kaja kutoka Dar, anasema namtesa mtoto, kesho anakwenda kuilipia yote. Na mtoto kasikia! Tangu jana kibubu hakukigusa. Nimwambieje kaka bila kumuudhi?

Baba Ilham, Morogoro
Dada, mjomba ni mjomba, usimnyime furaha yake. Mwambie aongeze mia kwa kila mia ya mtoto. Babu wa binti yangu alifanya hivyo wakati binti anadunduliza begi la shule, na kila Jumapili wakawa wanaandika kwenye daftari: zako, zangu, zilizobaki. Binti ndiye aliyekuwa anamkumbusha babu siku ya kuhesabu.

Bi Mwana
Naunga mkono. Ila mwanangu, noti msizilaze kibubuni. Mchwa hawachagui, na noti nazo hufutwa: ile ya mia tano ya mwaka 2010 Benki Kuu iliibadilisha mwisho 5 Aprili 2025, basi. Sarafu zibaki humo, noti zipeleke benki. NMB na CRDB wote wana akaunti za watoto. Mpeleke mwenyewe dirishani, aone hela yake inapokewa na jina lake linaandikwa. Na wewe mama usikope humo hata ya chumvi. Mtoto akitikisa kibubu akakisikia chepesi, hatatia tena.

Mama Nuru, Tanga
Ahsanteni sana. Kaka amekubali mia kwa mia, na kofia ngumu atanunua yeye. Jioni wamekwenda wawili kuiangalia baiskeli. Mtoto kaikagua breki, kagundua tairi la nyuma limekwisha, kamwambia mwenye duka apunguze. Wamefika elfu themanini na tano. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, ajue anachokinunua na aitetee hela yake. Bi Mwana, kibubu kilikuwa sakafuni chini ya kitanda, nimekipandisha juu ya kabati. Noti za Idi tutazitoa Jumamosi, seremala kasema atang'oa ubao wa chini bila kukivunja.