Shindano la Wamarekani la kuchoma nyama: mbona moto wenyewe hatuonyeshwi?

Mchomaji_Burma

Wadau, hamjambo. Mimi nachoma nyama pale soko la Burma, Jogoo Road, Nairobi, na nina swali kwa wale mliotazama lile shindano la Netflix, American Barbecue Showdown. Msimu wa kwanza ulitoka Septemba 2020, najua wengi mliumaliza kitambo. Kwangu tumeumaliza wiki hii, hadi pale Tina Cannon alipomshinda Rasheed Philips, na tangu hapo nyumba haijatulia.

Mke wangu alikuwa upande wa Rasheed na bado anadai ushindi ulikuwa wake. Shemeji yangu anasema hao wote hawajui kazi, kwamba nyama ya kukaa motoni saa 12 ni ya mtu asiye na wateja. Hapo nilimkatalia. Mtu anayekesha na moto ili kipande kigumu kilainike ni fundi, na fundi namheshimu popote alipo.

Linaloniuma ni moto. Nyama inaingizwa kwenye tanuri, mlango unafungwa, tunasimuliwa maisha ya mshindani, mara muda umekwisha na nyama iko mbele ya majaji. Kuni ziliongezwa lini? Aliijuaje hali ya moto bila kufungua? Alifungulia hewa kiasi gani? Hayo ndiyo niliyokaa kuyatazama, na ndiyo yaliyokatwa.

Kwangu moto nausoma kwa mkono. Nakunjua kiganja juu ya wavu, nikiweza kuhesabu polepole hadi tano ndipo mguu wa mbuzi unapanda. Nikiutoa kabla ya tatu, makaa bado yana hasira, nyama itaungua nje na ndani ibaki na damu. Pia nasikiliza. Mafuta yakidondoka na kulia kwa sauti ndogo, endelea. Yakilipuka na kutoa ndimi za moto, sogeza nyama pembeni haraka kabla haijashika masizi. Mtu akinitazama nusu saa atajifunza kitu. Sasa hawa mabingwa, wenye ujuzi mkubwa kuliko wangu, kamera inawafuata siku nzima na bado sitoki na kitu cha kujaribu.

Kwa hiyo naomba mwenye kujua anisaidie. Wanashikiliaje joto moja saa zote hizo? Kwa nini kuna wakati wanasema nyama imekwama, joto halipandi, na wote wanaingiwa na wasiwasi? Na mbavu, jamani: kwa nini ikiachia mfupa yenyewe inahesabiwa ni kosa? Mteja wangu mbavu ikiachia mfupa ananiongezea sifa.

Mpishi_Kaloleni

Kaka Mchomaji, salamu. Niko jiko la hoteli miaka mingi, kidari cha ng'ombe nimekipika kwa njia hiyo mara nyingi, kwa hiyo hilo la kukwama naliweza.

Kidari ni msuli unaobeba uzito wa ng'ombe akisimama, umejaa zile nyuzi nyeupe ngumu. Ukikichoma haraka unatafuna mpira. Nyuzi hizo zinataka joto la chini na muda mrefu ndipo ziyeyuke na kuwa utelezi mtamu. Ndiyo maana tanuri wanaliweka kati ya nyuzi joto 110 na 130 za Selsiasi hivi, na nyama yenyewe wanaitoa ikikaribia 95 ndani.

Sasa, ikifika kama 65 au 70, kipimajoto kinasimama. Saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Moto uko sawa kabisa. Nyama inatoa maji juu, maji yanakauka, na yakikauka yanaipoza, kama jasho linavyokupoza ukitembea juani. Joto linaloingia na linalotoka linakuwa sawa, basi hakuna kinachopanda. Mgeni wa kazi anaingiwa na hofu, anaongeza kuni, anaharibu kila kitu. Mzoefu ana njia mbili: asubiri, au aifunge nyama kwa karatasi ya kaki au foili ili maji yasikauke. Foili inaharakisha zaidi lakini inalegeza ule ukoko mweusi wa nje. Kaki inapumua kidogo, ukoko unabaki.

Ukiutazama ule msimu upya, angalia wakati mshindani anapofunga nyama yake. Wanaonyesha sekunde chache tu, lakini hapo ndipo uamuzi mkubwa ulipo.

Dada_SouthB

Mimi nitapingana nawe kidogo, kaka. Zile hadithi unazozilalamikia ndizo zilizomfanya mama yangu akae nami hadi mwisho. Yeye moto anaujua, amepika kwa kuni maisha yake yote Machakos, hahitaji kuonyeshwa. Alichotaka ni kujua mtu huyu alifunzwa na nani. Aliposikia kwamba jaji Kevin Bludso, aliyekulia Compton kule California, alijifunza kuchoma kwa bibi yake Texas alikokuwa akipelekwa likizo, akaniambia huyo ana haki ya kuhukumu. Na jaji mwenzake, Melissa Cookston, tulimwamini kwa sababu ameshinda mashindano ya nguruwe mzima kule Memphis, tena akiwa mwanamke katika kazi ambayo wanaume wanajifanya ni yao. Hapa kwetu nani amewahi kuona mwanamke akikabidhiwa wavu? Tunapewa kachumbari na ugali.

Kuhusu matokeo niko na mkeo. Lakini huo ni moyo wangu tu, maana sikuonja. Sisi watazamaji tunahukumu kwa macho, na nyama iliyokatwa vizuri mbele ya kamera inatudanganya. Nimesoma watu wakiwatukana majaji kwa matokeo hayo na nikaudhika. Mtu hujanusa, hujatia mdomoni, unajuaje chumvi ilizidi?

Aliyerudi

Naomba niingie kwenye mbavu na kuni. Nilisoma Texas na niliishi karibu na watu wa kazi hii.

Mbavu kwanza. Mashindano mengi ya Marekani yanafuata kanuni za chama cha uchomaji nyama cha Kansas City, KCBS. Humo wanachoma vitu vinne: kuku, mbavu za nguruwe, bega la nguruwe na kidari cha ng'ombe. Majaji 6 wanakaa meza moja, nyama inaletwa kwenye kisanduku chenye namba bila jina, na hawaruhusiwi kuzungumza wakati wa kuonja. Alama ni kuanzia 2 hadi 9, kwa sura, ladha na ulaini, na ladha ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote. Kwao mbavu iliyoiva sawasawa ukiing'ata inatoka pale tu ulipong'ata, alama ya meno inabaki, kwingine nyama imeshika mfupa. Ikiachia yote kwa pamoja wanasema umepitiliza, umeshindwa kuisimamisha kwa wakati. Ni kipimo cha mchomaji. Nyumbani hata Wamarekani wenyewe wanaipenda ikiachia, kama wateja wako.

Tofauti kubwa na runinga ni hiyo ya jina. Kwenye Netflix jaji anamwona mpishi, anajua nyama ni ya nani, amemwona akihangaika. Kwangu hilo ni zito kuliko kukatwa kwa picha za moto.

Kuni: Texas ya kati wanatumia mwaloni. Moto unakuwa kwenye sanduku la pembeni, nyama haiuoni, inapitiwa na joto na moshi tu. Kila baada ya dakika 40 au saa, gogo moja lililokauka vizuri. Tanuri halijai kuni, moto ni mdogo ila unawaka kweli, hewa inaingia. Ndivyo wanavyoshikilia joto. Mchomaji anatazama bomba: moshi mwembamba unaokaribia kuwa wa buluu ni mzuri, moshi mzito mweupe unaiachia nyama uchungu wa dawa. Ukiona mtu kwenye shindano anakimbilia kufungua mlango wa sanduku la moto, ujue ameona mweupe.

Mwambie shemeji yako kwamba wateja wapo. Nyama inachomwa usiku, asubuhi foleni imeshapangwa, inakatwa mbele yako na kuuzwa kwa uzani kama hapa, na ikiisha wanafunga.

Bucha_Dagoretti

Wazee, mnaongea vizuri lakini mmesahau ng'ombe.

Yule mnayemwona kwenye runinga ni ng'ombe aliyenenepeshwa kwa nafaka miezi kadhaa kabla ya kuchinjwa. Nyama yake ina mafuta ndani kwa ndani, mistari myeupe kama ramani. Mafuta hayo yanailinda saa 12 zote. Wetu anatoka Kajiado au Garissa, amekula majani, ametembea kutafuta maji, misuli yake ni mikavu na mafuta yako nje tu. Ukimpeleka moja kwa moja kwenye njia ya Texas, utapata kitu cha kutengenezea viatu. Nasema hivi kwa sababu wateja wameanza kuniomba kidari kwa ajili ya mambo ya Netflix, halafu wanarudi kulaumu nyama.

Mkitaka kujaribu, ombeni kidari cha ng'ombe mkubwa wa Boran aliyeshiba, na mwambieni mwenye bucha asiondoe mafuta ya juu. Wengi wetu tunayakwangua na kuyauza kando. Kiwe kipande kizima, kilo nne kwenda juu. Kidogo kitakauka. Na kifungwe mapema, msisubiri ukoko kama wao.

Hili la joto la pembeni pia si geni hapa. Wamasai wakienda olpul, kambi yao ya kula nyama porini, wanachoma mbavu kwenye vijiti vilivyosimamishwa kando ya moto, hawaziweki juu yake. Zinageuzwa taratibu, mafuta yanachuruzika chini, saa zinakwenda. Kama kuna kitu ningependa kukiona kwenye runinga ya Kenya ni hicho, na mzee anayejua aulizwe kila hatua.

Mchomaji_Burma

Asanteni sana. Mpishi, hilo la nyama kujipoza yenyewe limenifungua macho. Nimerudia sehemu mbili jana usiku na kweli, wakati wa kufunga karatasi unaonekana ukijua unachokitafuta.

Dada, nimekusikia kuhusu hadithi na kuhusu wanawake. Pale Burma wapo akina mama wanaochagua nyama na kupanga bei vizuri kuliko sisi, lakini wavuni hawapewi nafasi, na hilo ni aibu yetu. Ila kwa hadithi bado nashikilia langu kidogo: bibi wa Bludso alimfundisha akiwa amesimama karibu na moto. Wangetuonyesha alichofundishwa, hadithi na moto vingekuwa kitu kimoja.

Aliyerudi, hilo la sanduku lenye namba limenikaa. Mke wangu ameuliza: wangeonja bila kujua mpishi, Rasheed angeshinda? Hakuna wa kumjibu, lakini sasa amepunguza kuwalaumu majaji wenyewe, analaumu mpangilio.

Gharama ndiyo inanipa mawazo. Ukataji miti kwenye misitu ya umma ulipopigwa marufuku 2018, bei ya gunia la makaa ilipanda sana, na mchomaji wa kawaida akaanza kuhesabu kila tonge la kaa. Moto wa saa 12 kwa kipande kimoja, kwa bei ya kilo ya hapa, haulipi. Labda kwa oda, mteja alipe nusu kabla. Harusi, ruracio (sherehe ya mahari), sherehe za ofisi.

Nina pipa la lita 200. Nataka nilikate mlango, moto ukae upande mmoja na nyama upande mwingine, bomba juu ya nyama ili moshi upite. Nimebaki na swali la kuni. Mwaloni hatuna, mkaratusi siutaki kwa ile harufu yake ya mafuta, na mti wenye utomvu kama msaipresi hauingii jikoni kwangu. Je, mparachichi?

Aliyerudi

Mparachichi sijajaribu. Mwembe nimejaribu kwa kuku na moshi wake ni mpole, hauchomi koo. Mkahawa pia ni mzuri sana, mgumu, unawaka taratibu. Ukipata mashina ya zamani kutoka Kiambu, mkulima anapong'oa, chukua. Chochote uchukue, kikauke miezi kadhaa, kisiwe na rangi wala dawa.

Mpishi_Kaloleni

Na nunua kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, kaka. Kiganja chako ni kizuri kwa mbuzi wa saa moja na nusu, lakini katikati ya kidari hakifiki. Ikitoka usiikate papo hapo. Ifunge kwa taulo, iweke ndani ya kreti la kuhifadhi baridi lisilo na barafu, saa moja au mbili. Ukikata mapema maji yote yanaishia kwenye ubao.

Mchomaji_Burma

Nimeandika yote. Mkahawa nimeshampata mtu wa Githunguri. Bucha wa Dagoretti, kidari cha kilo tano chenye mafuta yake nitakuja kuchukua Ijumaa asubuhi, tafadhali usikikwangue. Nawasha Ijumaa saa nne usiku, na simu ya mwanangu itakuwa imeelekezwa kwenye sanduku la moto tangu kibiriti cha kwanza. Atakayetaka kutazama anaruhusiwa kuja Jumamosi saa sita mchana. Dada, mlete mama, nataka aniambie moshi wangu ukoje.