Vyandarua vijijini: bure, ruzuku, mkopo au bei kamili?

Mtakadata: Wadau, tunaandaa dodoso kujua kaya za vijijini penye malaria nyingi ziko tayari kulipa kiasi gani kwa chandarua chenye dawa. Mngechagua njia ipi kati ya hizo nne?

Jembe: Bei kamili itoe kabisa. Mbu huzidi msimu wa mvua, na huo ndio wakati ghala ni tupu na hela imeishia kwenye mbegu. Ukiuliza baada ya mavuno kila mtu atakwambia "nitanunua". Rudi na vyandarua mvua zikianza, uone.

Nesi_mstaafu: Hata ruzuku ina mtego. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichapisha utafiti wao wa Kenya magharibi mwaka 2010. Kliniki za wajawazito zilipotoza shilingi 40 badala ya kutoa bure, waliochukua walishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na hiyo ilikuwa bei iliyokwisha kupunguzwa sana!

Duka_la_kona: Mnasahau wauzaji. Ukigawa bure, nani ataagiza tena? Hati Punguzo ya Tanzania, iliyoanza 2004, ilimpa mjamzito nafuu na duka likabaki na biashara. Halafu cha bure huishia kuvulia samaki.

Nesi_mstaafu: Ndugu yangu, utafiti huohuo haukuona waliopewa bure wakikitumia kidogo kuliko walionunua. Dupas alifuatilia pia cha pili: waliopata cha kwanza kwa ruzuku kubwa ndio walionunua zaidi baadaye. Wameshaonja usingizi bila mbu.

Kikoba: Mkopo nao si haba. Orissa, India, zaidi kidogo ya nusu ya kaya zilinunua kwa mkopo. Ila chandarua chenye dawa huua mbu ambao wangemuuma jirani pia, na hakuna anayetoa hela yake kwa ajili ya jirani. Mimi naona kitolewe bure, mkopo uwe wa kuongezea au kubadilisha kilichochanika.

Mtakadata: Basi tutauza kweli badala ya kuuliza tu. Kila kaya itachota karata ya bei, kundi moja baada ya mavuno, jingine mwanzo wa mvua.

Jembe: Sawa mkuu. Na mama muulizeni peke yake, baba akiwepo atajibu yeye.