Naombeni ushauri: linki za gari la kupanda mawe, ekseli ya nyuma inakwenda upande

Mkata_Bamba
Habari wakuu. Naunda gari la rimoti la kupanda mawe, skeli ya 1/10. Chesisi ni bamba la alumini la mm 3, ekseli hadi ekseli mm 313, sevo (mota ndogo) ya usukani imekaa juu ya ekseli ya mbele. Linki zote nane, yaani fimbo zinazoshika ekseli kwenye chesisi, ni bomba la alumini, nje mm 6, ndani mm 4, na kila ncha ina boljointi (kiungo cha gololi) ya skrubu ya M3, yaani ya mm 3. Likipanda jiwe kwa ubavu, ekseli ya nyuma inasogea upande mpaka tairi inasugua shokapu. Nataka nizipinde linki za chini zisikwame kwenye mawe. Digrii ngapi zinafaa? Au nihamie chuma? Jumamosi linatakiwa kupanda mawe hapa Mwanza na bado linayumba. Nisaidieni.

Uzito_Chini
Hamia chuma, ila linki za chini tu. Fimbo ya chuma ya mm 6 yenye urefu wa mm 100 ina gramu 22 hivi, ya alumini haifiki 8. Kwa linki nne za chini unapata karibu gramu 60 za ziada pale pale zinapotakiwa, usawa wa ekseli. Betri nayo isogeze mbele na uilaze chini kadiri nafasi inavyoruhusu. Gari la mawe hupinduka kwa sababu ya uzito wa juu kuliko kitu kingine chochote.

Pinioni
Ameuliza kuhusu kuyumba, si kupinduka. Mkata_Bamba, ukilitazama gari kutoka juu, linki za juu zimekaaje?

Mkata_Bamba
Zimenyooka kama za chini. Matundu ya chesisi nimeshayatoboa na zimekaa vizuri. Nadhani shokapu ngumu zaidi zitazuia. Ile digrii ya kupinda je?

Pinioni
Shokapu hazitazuia. Shokapu inabeba kwenda juu na chini, haina nguvu ya upande. Linki nne zilizo sambamba, zenye boljointi kila ncha, zinalala zote kwa pamoja na ekseli inazifuata. Chukua mbili za juu, zikutanishe juu ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) na uzitanue kwenye chesisi mpaka pembe kati yake ifike digrii 40 hivi. Hapo kila moja inaizuia ekseli isikimbilie upande wake. Kwa kuwa sevo yako iko kwenye ekseli, hata mbele unaweza kufanya hivyo. Ingekuwa kwenye chesisi, ungehitaji fimbo moja ya kukatisha kutoka chesisi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili, sambamba na fimbo ya usukani na yenye urefu ule ule, la sivyo matairi yanakata kona yenyewe kila sasipensheni inapobonyea.

Kupinda acha kwanza. Linki iliyopinda nguvu haipiti katikati yake, hivyo ikigonga jiwe inazidi kupinda. Tena huzunguka kwenye boljointi na tumbo lake likageuka chini.

Babu_Karakana
Vijana mnapenda kutoboa kabla ya kuchora. Chora kwanza kwenye karatasi kwa kipimo kamili. Na hiyo Jumamosi ahirisha, mawe hayahami.

Tepu_na_Dai
Mimi huu uzi nina shaka nao. Tundu la ndani mm 4, boljointi za M3? Ili ukate thredi ya M3 unatoboa kwa biti ya mm 2.5. Kwenye tundu la mm 4, tepu (kifaa cha kukatia thredi) ya M3 inapita bila kugusa ukuta. Ama vipimo si vya kweli, ama gari lenyewe halipo.

Uzito_Chini
Kweli hapo hesabu haikai. Mleta uzi tuambie.

Mkata_Bamba
Gari lipo wakuu. Thredi sikukata. Skrubu za M3 nimezijaza gundi ya epoksi ndani ya bomba, zikakaa saa 24. Gundi ni kali, na linki zote zimeshafungwa. Sidhani kama tatizo liko hapo.

Tepu_na_Dai
Basi hilo ndilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza. Ndani ya bomba la alumini ni laini na pana utando wa oksidi, gundi haishiki vizuri. Jiwe linaitikisa skrubu huku na huku, gundi inapasuka ndani ambako huioni, na linki inaanza kurefuka na kufupika. Ya kushoto ikizidi ya kulia, ekseli inakaa mshazari.

Nunua fimbo nzima ya mm 6. Ya alumini inatosha juu, chini weka chuma. Kutoboa katikati bila mashine ya kukereza: ikamate fimbo kwenye drili, biti ya mm 2.5 ibane kwenye jiliwa, zungusha fimbo ndipo uisogeze kwenye biti. Toboa mm 15 kwenda ndani, thredi kata mm 12. Alumini ipake mafuta ya taa, chuma mafuta ya injini. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukilazimisha tepu inakatikia ndani. Ndani funga skrubu ya M3 isiyo na kichwa ya mm 20, nusu ibaki nje iingie kwenye boljointi. Gundi ya kufungia skrubu tia upande wa chuma tu, kwenye plastiki inaweza kuipasua.

Mkata_Bamba
Sawa, nyuma nitabadilisha na kutoboa upya. Mbele niziache hivyo kwa Jumamosi, hazijaonyesha shida.

Pinioni
Mbele ndiko kunakogonga jiwe kwanza. Ikichomoka moja ya chini, ekseli inageuka na propela, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inakatika. Ukikosa muda, fanya za chini mbili za mbele kabla ya zile za juu za nyuma.

Mkata_Bamba
Nimewaelewa. Urefu napimaje ili zilingane?

Pinioni
Katikati ya tundu la boljointi hadi katikati ya tundu la pili, kwa kalipa. Thredi ya M3 inakwenda nusu milimita kwa mzunguko, kwa hiyo kusawazisha ni rahisi. Za chini zinaamua umbali wa ekseli, za juu zinaamua pinioni, ile gia ya difu inayopokea propela, inatazama wapi. Ielekeze kwenye boksi la gia ili propela isivunjike shingo. Kabla ya kuwasha mota, toa springi zote, inua tairi moja mpaka mwisho na ushushe la upande wa pili. Boljointi ikikwama au propela ikichomoka, hapo hapo rekebisha.